Miliki ya Umma katika Sheria za Umoja wa Ulaya, 1993–2019

James Joyce, mwandishi wa Ireland, alifariki mjini Zürich tarehe 13 Januari 1941. Kwa sheria iliyotumika baadaye nchini mwake na Uingereza, maandiko ya mtunzi yalilindwa katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kufa kwake. Hivyo, tarehe 1 Januari 1992, vitabu vyake viliingia katika miliki ya umma: yeyote aliweza kuvichapa, kuvihariri au kuvitafsiri bila kuomba ruhusa wala kulipa ada. Miaka mitatu na nusu baadaye, tarehe 1 Julai 1995, vitabu vilevile vilirudi mikononi mwa warithi, vikakaa humo hadi mwisho wa mwaka 2011. Hakuna aliyekuwa ameongeza neno ndani yake. Kilichobadilika ni sentensi chache za sheria iliyotungwa Brussels.

Kisa hiki chafaa kuwa mlango wa kuingilia historia ambayo kwa kawaida husimuliwa kwa njia nyingine. Husemwa kwamba intaneti ilizifungua maktaba za dunia, na kwamba vizuizi vilivyosalia ni vya mitambo: umeme, nyaya, bei ya kompyuta. Kwa upande wa Ulaya, kumbukumbu za Bunge na za mahakama zatoa picha tofauti. Mashine ilikuwa tayari kunakili kila kitu tangu mapema. Lakini kipi kisomwe, na nani, kwa masharti gani, kiliamuliwa kwa kalamu, neno kwa neno, katika vikao ambavyo kwa miaka mingi wasomaji, walimu na wakutubi hawakuwamo. Asiyekuwapo na lake halipo, husema Waswahili. Miaka kati ya 1993 na 2019 ni historia ya watu waliojifunza kuwapo, na pia ya wale ambao hadi mwisho hawakuitwa.

Kufunga kwa jina la usawa

Chanzo cha sheria iliyomfunga Joyce kilikuwa jambo dogo la biashara. Kampuni moja iliuza Ujerumani santuri za mwimbaji Mwingereza Cliff Richard zilizotoka Denmark. Huko Denmark muda wa ulinzi wa nyimbo hizo ulikuwa umekwisha. Ujerumani ulikuwa bado. Mwenye haki nchini Ujerumani alishtaki, na tarehe 24 Januari 1989 Mahakama ya Haki ya Jumuiya za Ulaya, iliyoko Luxembourg, iliamua kwamba aliweza kuzuia santuri hizo zisiuzwe huko. Soko lililohubiriwa kuwa moja lilikuwa limegawanywa na kalenda.

Tofauti hiyo iliweza kuondolewa kwa kushusha au kwa kupandisha. Nchi nyingi wanachama zilifuata miaka 50, ambayo Mkataba wa Berne wa 1886 uliifanya kuwa kima cha chini cha lazima katika marekebisho ya Brussels ya mwaka 1948. Ujerumani ilikuwa na miaka 70 tangu 1965. Agizo namba 93/98 la tarehe 29 Oktoba 1993 lilichagua miaka 70 kwa wote. (Agizo, katika lugha ya Umoja huo, ni sheria inayozilazimisha serikali kurekebisha sheria zao za nchi kwa kipimo kimoja kabla ya tarehe fulani.) Hoja zilizotolewa zilikuwa mbili. Ya kwanza ilidai kwamba miaka 50 ilikusudiwa kumfaa mtunzi na vizazi viwili baada yake, na kwamba watu wa Ulaya sasa huishi muda mrefu zaidi. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa kuwa mtunzi anayeishi zaidi hulindwa zaidi bila kuhitaji sheria mpya: hesabu huanza anapokufa. Ya pili ilisema kwamba haki iliyokwisha kupatikana haifai kupunguzwa. Hii ndiyo iliyokuwa na nguvu, na matokeo yake ni kwamba usawazishaji wowote uliweza kwenda upande mmoja tu, yaani juu.

Agizo liliongeza kwamba kazi iliyokuwa bado inalindwa katika nchi moja tu mwanachama tarehe 1 Julai 1995 ingelindwa katika nchi zote. Joyce alilindwa Ujerumani. Kwa hiyo alifungwa tena Dublin. Mwaka 2004, Ireland ilipojiandaa kuadhimisha miaka 100 ya siku ambayo matukio ya riwaya ya Ulysses yamewekwa, Bunge lake lililazimika kurekebisha sheria ya hakimiliki kwa haraka, ili Maktaba ya Taifa iweze kuonyesha hati za mwandishi huyo bila hofu ya kushtakiwa. Taifa lilihitaji sheria mpya ili liwaonyeshe raia wake karatasi zilizokuwa tayari katika maktaba yao.

Hapa ndipo udhaifu wa miliki ya umma waonekana. Mali ya mrithi ina mrithi. Akinyang'anywa, atapiga kelele na kutafuta wakili. Mali ya wote haikuwa na mtu wa kusimama mahakamani na kusema kwamba amepotezewa kitu.

Sheria mbili zilizofuata zilikwenda njia hiyohiyo. Agizo namba 96/9 la tarehe 11 Machi 1996 liliunda haki mpya kabisa: aliyekusanya taarifa kwa gharama kubwa alipewa miaka 15 ya kuwazuia wengine wasichote sehemu kubwa ya mkusanyo wake, hata kama taarifa zenyewe hazikuwa za mtu yeyote. Mwaka 2005 Tume ya Ulaya, ambayo ndiyo hupendekeza sheria, iliipima haki hiyo ikakiri kwamba faida yake ya kiuchumi haikuthibitishwa. Hata hivyo haki ilibaki. Agizo namba 2001/29 la tarehe 22 Mei 2001 lilileta hakimiliki katika zama za mtandao. Lilisawazisha haki za kuzuia katika nchi zote, likakataza kuvunja kufuli za kielektroniki. Lakini kwa upande wa ruhusa za mtumiaji liliweka moja tu ya lazima, ile ya nakala za kupita ambazo kompyuta huzifanya yenyewe, na nyingine 20 za hiari. Nukuu, mafundisho, utafiti, matumizi ya wasioona: yote hayo kila nchi iliachiwa ichague. Mwalimu wa nchi moja aliweza kufanya darasani kile ambacho kwa mwenzake ng'ambo ya mpaka kilikuwa kosa. Kufunga kulikuwa kwa Ulaya nzima. Kufungua kulibaki kwa kila kijiji.

Wasomaji waingia kikaoni

Mabadiliko hayakuanzia kwa wanasheria wala kwa wakutubi, bali kwa waandishi wa programu za kompyuta. Mwezi Februari 2002 Tume ilipendekeza agizo ambalo, kwa maoni ya wapinzani wake, lingeruhusu programu kupewa hataza, yaani haki ya pekee ambayo hutolewa kwa mvumbuzi wa mtambo. Waandishi wa programu huria, wengi wao vijana wasio na chama wala fedha, walianza kuwaandikia wabunge na kuwaeleza kwa subira jinsi programu inavyotungwa: kwamba hufanana na uandishi kuliko ufundi wa vyuma, na kwamba kila mtunzi huazima hatua ndogondogo za waliomtangulia. Septemba 2003 Bunge lilikubali marekebisho mengi yao. Baraza la Mawaziri liliyatupa.

Kilichofuata chastahili kusimuliwa, kwa sababu chaonyesha jinsi sheria hizo zilivyokuwa zikipita. Tarehe 21 Desemba 2004 maandishi ya Baraza yaliwekwa katika orodha ya mambo ya kupitishwa bila mjadala, kwenye kikao cha mawaziri wa kilimo na uvuvi. Włodzimierz Marciński, aliyetumwa na serikali ya Polandi, alisafiri hadi Brussels akaomba jambo hilo liondolewe katika orodha, nalo likaondolewa. Baraza lilifaulu kulipitisha Machi 2005, lakini muda uliopatikana ulitosha. Tarehe 6 Julai 2005, chini ya uongozi wa Michel Rocard, waziri mkuu wa zamani wa Ufaransa aliyekuwa ripota wa shauri hilo, Bunge lilikataa agizo kwa kura 648 dhidi ya 14, wabunge 18 wakijizuia. Kura hiyo haikufungua kitu kipya. Ilizuia tu mlango usifungwe. Lakini waliokuwamo walijifunza kwamba rekebisho lililoandikwa vizuri na kupelekwa kwa mbunge anayefaa laweza kushinda kampuni kubwa.

Katika miaka hiyohiyo upande wa maktaba ulikuwa na mchecheto wake. Desemba 2004 kampuni ya Google ilitangaza kwamba itapiga picha mamilioni ya vitabu vya maktaba kubwa. Jean-Noël Jeanneney, aliyekuwa mkuu wa Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, alionya kwamba kumbukumbu za Ulaya zisipangwe na kampuni moja ya Marekani, na Aprili 2005 wakuu wa nchi sita waliiandikia Tume wakidai maktaba ya Ulaya ya kielektroniki. Maktaba hiyo, Europeana, ilifunguliwa tarehe 20 Novemba 2008. Wageni walikuwa wengi kiasi kwamba mitambo ilizidiwa siku hiyohiyo ikabidi izimwe kwa wiki kadhaa. Tatizo kubwa zaidi halikuwa la mitambo. Vitu vya karne ya 19 vilikuwa vingi, vya karne ya 20 vilikuwa haba, kana kwamba Ulaya iliacha kuandika baada ya kizazi cha babu. Miaka 70 ya Joyce ilikuwa imeonekana kwa macho. Mwaka 2010 Europeana ilitoa hati ya kanuni iliyosema kwamba kitu kilichokuwa miliki ya umma kabla ya kupigwa picha kibaki hivyo baada ya kupigwa picha. Ilikuwa kanuni ya hiari, na wakuu wengi wa makumbusho waliisoma kama watu wasomavyo tangazo la jirani.

Ushindi haukuwa wa mfululizo. Mwaka 2011, ingawa uchunguzi rasmi uliofanywa Uingereza mwaka 2006 na Andrew Gowers ulikuwa umeshauri kinyume, Umoja uliongeza ulinzi wa muziki uliorekodiwa kutoka miaka 50 hadi 70. Mwaka uliofuata, baada ya maandamano katika miji mingi, Bunge lilikataa mkataba wa kimataifa wa kupambana na bidhaa bandia, ACTA, kwa kura 478 dhidi ya 39. Kuhusu usawa wa mtandao, yaani kwamba mwenye nyaya asibague ujumbe huu na ule, Uholanzi ilitunga sheria mwaka 2012, na kanuni ya Umoja mzima ikafuata Novemba 2015.

Kifungu cha 14

Mwaka 2014 Felix Reda alichaguliwa kuwa mbunge wa Ulaya kwa tiketi ya Chama cha Maharamia cha Ujerumani, akakabidhiwa kuandika tathmini ya Bunge juu ya agizo la 2001. Mtu wa chama chenye jina kama hilo kupewa kazi hiyo kulizua vicheko na hofu. Mjadala wa ripoti yake ulifichua mambo ambayo wananchi hawakuyajua. Ubelgiji, kwa mfano, picha ya Atomium ya Brussels, jengo lililosimamishwa kwa maonyesho ya dunia ya 1958, haikuweza kuchapishwa kwa biashara bila idhini, kwa sababu mbunifu wake alifariki mwaka 2005 tu. Sheria ya nchi hiyo ilirekebishwa mwaka 2016.

Septemba 2016 Tume ilileta pendekezo la agizo jipya la hakimiliki. Vita vilivyofuata vilihusu hasa kifungu cha 13, kilichokuja kuitwa cha 17, kinachozibebesha kampuni za kusambaza maandiko, muziki na filamu za watumiaji wajibu juu ya kila kinachowekwa. Wapinzani walisema wajibu huo hauwezi kutimizwa ila kwa chujio la mashine, nalo halijui mzaha wala nukuu. Tarehe 5 Julai 2018 Bunge lilikataa kwa kura 318 dhidi ya 278 kuanza mashauriano, Septemba likakubali. Mwezi Machi 2019 Wikipedia ya Kijerumani ilijifunga siku nzima, na makumi ya maelfu waliandamana. Tarehe 26 Machi, pendekezo la kupiga kura kifungu kwa kifungu lilishindwa kwa 317 dhidi ya 312. Baadaye wabunge kadhaa waliomba kumbukumbu zisahihishwe, wakidai walibonyeza kitufe wasichokusudia. Masahihisho yaliandikwa, matokeo hayakubadilika. Agizo lote lilipita kwa kura 348 dhidi ya 274.

Macho yote yalipokuwa kwenye kifungu cha 17, kingine kilipita bila kelele. Katika mji wa Mannheim, jumba la makumbusho la Reiss-Engelhorn lilikuwa limewashtaki walioweka katika hazina ya picha ya Wikimedia picha za michoro yake ya kale. Wachoraji walikuwa wamekufa zamani; jumba lilidai haki juu ya picha zilizopigwa kutoka michoro hiyo. Tarehe 20 Desemba 2018 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani ilikubaliana nalo: hata picha ya kawaida, isiyo na ubunifu, hulindwa kwa miaka 50. Kwa hesabu hiyo, jumba lililopiga picha upya kila baada ya nusu karne lingeweza kumiliki mchoro wa kale milele.

Kifungu cha 14 cha agizo la 2019 kilijibu hoja hiyo kwa sentensi moja: muda wa ulinzi wa kazi ya sanaa ya kuonekana ukiisha, nakala yake hailindwi, isipokuwa kama nakala yenyewe ni ubunifu mpya. Sentensi hiyo haikuwamo katika pendekezo la Tume. Iliingizwa wakati wa mashauriano, kutokana na kazi ya miaka mingi ya wakutubi, wanasheria na wanaharakati waliokuwa wamejifunza ufundi wa kuandika marekebisho. Ni mara ya kwanza katika historia hii kwamba agizo la hakimiliki la Ulaya lilitaja miliki ya umma kama kitu cha kulindwa, badala ya kuiacha kuwa shimo linalobaki haki za wengine zikikoma. Ujerumani ilikiweka katika sheria yake mwezi Juni 2021.

Kifungu hicho hata hivyo kina mipaka. Hakimlazimishi mwenye mchoro kuuonyesha. Katika kesi ya Mannheim mpiga picha alishindwa pia kwa sababu alipokata tiketi alikubali masharti yaliyokataza kupiga picha ndani. Sheria ya mikataba haikuguswa.

Mpaka wa uwazi

Umoja huo ulijaribu mara mbili kuziokoa kazi zilizosahauliwa. Agizo namba 2012/28 la Oktoba 2012 lilihusu kazi yatima, ambazo wenye haki hawajulikani au hawapatikani. Lakini lilihusu, kwa kanuni, kazi zilizochapishwa kwanza katika nchi mwanachama, na liliacha nje michoro na picha zinazosimama peke yake. Agizo la 2019, katika kifungu cha 8, liliziruhusu maktaba na makumbusho kuweka mtandaoni kazi zisizouzwa tena. Papo hapo likatenga mikusanyo ambayo sehemu yake kubwa ilichapishwa kwanza nje ya Umoja, ila pale tu chama cha watunzi chenye kuwawakilisha wenye haki wa nchi hizo kinapokubali.

Mwanahistoria wa Katanga hahitaji kufafanuliwa maana ya masharti hayo. Tafsiri ya Kifaransa ya kitabu cha Placide Tempels juu ya falsafa ya Kibantu ilitolewa Elisabethville mwaka 1945. Nakala zimo katika maktaba za Ubelgiji, pamoja na magazeti na vijitabu vya mji huohuo. Lakini kwa kuwa vilichapishwa Kongo, kazi za namna hiyo hubaki nje ya mlango uliofunguliwa. Tempels alifariki mwaka 1977. Kwa kipimo cha miaka 50, kilichowekwa na sheria ya Zaire ya tarehe 5 Aprili 1986, maandiko yake huwa huru mwaka 2028; kwa kipimo cha Ulaya, mwaka 2048.

Waliotunga sharti hilo walikuwa na sababu, nayo haifai kubezwa. Walisema Ulaya haina mamlaka ya kugawa mali ya watunzi wa nchi nyingine. Hoja kama hiyo ilitoka pia upande usiotarajiwa. Ripoti ya Felwine Sarr na Bénédicte Savoy ya Novemba 2018, juu ya kurudisha vitu vya Afrika vilivyoko Ufaransa, ilishauri kwamba picha zake za kielektroniki ziwekwe wazi kwa wote. Machi 2019, mwezi uleule wa kura ya Strasbourg, wataalamu zaidi ya mia moja waliunga mkono jibu lililouliza kwa nini Ufaransa iamue uwazi huo kabla ya kuwauliza wenyewe. Swali ni la haki. Kufungua bila kuuliza chaweza kuwa unyang'anyi wa pili. Ila katika kifungu cha 8 matokeo ya heshima hiyo yalikuwa ya ajabu: vitu vilibaki ghalani Ulaya, na aliyestahili kuulizwa hakupewa mahali pa kujibia, isipokuwa awe na chama cha watunzi chenye nguvu ya kujadiliana na vya Brussels.

Penye nia ya mtu binafsi, njia nyingine ilipatikana. Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, historia iliyokusanywa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, na kuandikwa kwa Kiswahili cha mji huo, ilichapishwa Amsterdam na Johannes Fabian mwaka 1990. Mwaka 2001 matini yake yaliwekwa kwenye intaneti, bila malipo, katika hifadhi ya Kiswahili cha watu wa kawaida iliyoanzishwa kwenye Chuo Kikuu cha Amsterdam. Humo yaliwekwa pia mazungumzo ambamo Tshibumba Kanda Matulu alieleza, kwa Kiswahili, michoro yake ya historia ya Zaire ya miaka ya 1970. Michoro yenyewe ilihifadhiwa mjini humo, katika Tropenmuseum, ambalo tangu 2023 laitwa Wereldmuseum. Mchoraji alizaliwa mwaka 1947; tangu mwanzo wa miaka ya 1980 habari zake hazijulikani. Agizo la kazi yatima halihusu michoro inayosimama peke yake, na kifungu cha 14 huanza kazi baada ya miaka 70 kuhesabiwa tangu kifo ambacho mwaka wake haukuandikwa popote.